Fremu ya Honda CG 125: chuma kwanza, kopo la rangi baadaye

Rangi ikianza kubanduka kwenye fremu ya pikipiki, okota kipande kimoja, kigeuze, uangalie mgongo wake. Ukikuta vumbi la kahawia, kutu iliachwa chini. Mgongo ukiwa safi na chuma kikabaki kinang'aa, ama kilikuwa na mafuta, ama kilikuwa laini mno na praima (rangi ya msingi inayotangulia kwenye chuma) haikupata pa kushika. Praima ikiwa imebaki kwenye chuma na rangi ya juu peke yake ndiyo iliyotoka, mpigaji alichelewa kupita mkono (tabaka) uliofuata na hakusugua. Ni nadra kukuta kosa ni la rangi yenyewe, ingawa muuza duka ndiye anayelaumiwa kila mara.

Pikipiki tunayoizungumzia hapa ni Honda CG 125, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1976 na ambayo injini yake ya pushirodi (fimbo zinazosukuma valvu) ilikuja kunakiliwa na viwanda vingi vya China, hata boda nyingi za leo ni wajukuu zake. Fremu yake ni ya mabomba na vipande vya bamba vilivyochomelewa, nyeusi ya kung'aa. Haya yanafaa pia kwa Yamaha AG 100 za mabwana shamba. Kwa Honda C70 kuna tofauti moja kubwa: fremu yake ni bati lililokandamizwa, kwa hiyo kutu hutoka ndani kuja nje, hasa chini ya kiti na kwenye madigadi ya nyuma. Ukiona kijipu kidogo cha rangi hapo, gonga kwa ncha ya bisibisi. Mara nyingi bisibisi inatobokea upande wa pili, na hapo hakuna praima itakayokusaidia. Ni kazi ya kukata na kuchomelea bati jipya.

Shusha kila kitu. Kupaka fremu injini ikiwa bado imefungwa kunaonekana kama njia ya mkato, lakini sehemu zinazooza kwanza ni zile zilizofichwa na injini, betri na swingiamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma). Piga picha njia za waya kabla ya kuzitoa, na kila bolti irudishwe kwenye tundu lake au ifungwe kwenye mfuko wenye maandishi. Vikombe vya beringi kwenye shingo ya fremu (bomba la mbele linaloshika usukani) vikiwa vimechakaa, vitoe sasa. Kuvigonga fremu ikiwa imeshapakwa kutavunja rangi pembeni. Kama ni vizima, viache na uvizibe.

Osha fremu kwa brashi na mafuta ya taa kwanza, kisha sabuni ya vyombo na maji mengi. Usianze kusugua kwa msasa kabla ya kuosha. Msasa unakokota grisi na kuisukuma ndani ya mikwaruzo, na kuitoa humo baadaye ni shida.

Fremu ikishakauka, tafuta nyufa. Pikipiki iliyobeba magunia miaka mingi hupasuka shingoni, kwenye masikio ya injini (vishikio inapofungwa injini), karibu na tundu la ekseli ya swingiamu, na zaidi pale keria ilipochomelewa juu ya mabomba ya nyuma. Dalili ya kwanza ni mstari mwembamba wa kutu unaotoka katikati ya rangi nzima bila sababu. Kwa uhakika zaidi, kwangua rangi hapo, paka mafuta ya taa, subiri dakika 10 au 15, futa mpaka pakauke, kisha pakaze unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatapanda tena na kuchora mstari wenye unyevu kwenye chaki. Hicho ni kipimo cha zamani na bado hakijapitwa. Ufa unachomelewa na fundi anayejua mabomba membamba. Usiuzibe kwa puti (uji mzito wa kuzibia vishimo) hata siku moja. Puti inaficha ufa, na shingo ya fremu ikikatika mwendo wa 60 hakuna wa kusimulia vizuri.

Je, rangi yote ya zamani itolewe? Si lazima. Rangi ya kiwandani iliyokaushwa kwenye tanuri, ikiwa bado imeshika, ni msingi bora kuliko praima yoyote ya kopo. Ipime kwa wembe: chora mistari 6 ya kwenda na 6 ya kukatiza, kila mmoja milimita 2 toka mwenzake, bandika tepu imara juu yake, kisha ivute kwa nguvu. Vijiraba vikibaki mahali pake, sugua tu kwa msasa namba 320 mpaka mng'ao wote uishe. Vikitoka na tepu, ng'oa yote. Pikipiki iliyokwisha pakwa mara tatu na mafundi watatu, kila mmoja na aina yake ya rangi, ing'olewe mpaka chuma bila kujadiliana.

Kung'oa kuna njia tatu. Dawa ya kung'oa rangi inapakwa nene, inafunikwa kwa nailoni isikauke, baada ya nusu saa rangi inavimba na kukwanguliwa. Inachoma ngozi, na mabaki yake yakibaki kwenye maungio yataharibu rangi mpya wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo osha mara mbili. Grinda yenye brashi ya waya ni ya haraka, ila ina hila yake: ikipita juu ya kutu iliyokomaa inaing'arisha, ikaonekana kama chuma safi. Ukiona sehemu ya chuma ina weusi unaong'aa na vishimo vidogo, hiyo bado ni kutu. Ipigwe msasa namba 80 mpaka vishimo vionyeshe kijivu ndani. Njia ya tatu, iliyo bora kuliko zote kwa fremu ya mabomba, ni kupigwa mchanga kwa kompresa, kwa sababu inafika kwenye pembe ambazo mkono haufiki. Mwambie mwenye mashine atumie chembe za ganeti (jiwe gumu lililosagwa) au shanga za kioo. Mchanga wa mtoni una silika, na vumbi lake linaua mapafu. Kabla ya kumpelekea, ziba shingo, tundu la swingiamu na kila tundu lenye nyuzi kwa bolti ya zamani. Namba ya fremu funika kwa tepu nene tabaka kadhaa. Namba hiyo ikisagika au ikijaa puti, utahangaika siku ya kuhamisha umiliki au ya ukaguzi barabarani. Na kwa kuwa nyaraka za chombo zinataja rangi yake, ukibadilisha rangi ya pikipiki nzima na si fremu tu, nenda ukarekebishe taarifa.

Rangi za miaka ya 1970 na kurudi nyuma zinaweza kuwa na risasi. Zisugue kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke, na usifanyie kazi hiyo uani wanapocheza watoto.

Kutu iliyobaki kwenye vishimo inamalizwa kwa asidi ya fosforiki, ile inayouzwa kama dawa ya kutu. Paka kwa brashi, iache ifanye kazi dakika 15 hadi 30, na usiiache ikauke juu ya chuma. Ikikauka inaacha unga mweupe au utando unaonata, na praima juu ya utando huo haidumu. Suuza kama maelekezo ya chupa yanavyosema, kausha papo hapo kwa hewa ya kompresa au kwa jua kali. Eneo la chini ya betri lina adui mwingine: asidi iliyomwagika. Hapo osha kwa bikabonati iliyoyeyushwa kwenye maji, vijiko viwili vikubwa kwa lita moja. Ikitoa povu, asidi bado ipo. Rudia mpaka povu liishe, kisha suuza.

Chuma kilicho wazi hakingoji. Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, chuma kilichopigwa mchanga asubuhi kinaweza kuwa na wekundu jioni ya siku hiyohiyo, kwa unyevu na chumvi ya bahari. Dodoma au Nakuru una nafasi zaidi, lakini kanuni ni ileile: siku ya kufikia chuma ndiyo siku ya praima. Usikishike kwa mikono mitupu. Jasho la viganja linaacha alama za vidole ambazo kutu itazichora upya chini ya rangi.

Mafuta ndiyo sehemu watu wengi wanayoidharau. Kufuta kwa petroli si kusafisha, kwa sababu petroli ya vituoni huacha utando wa mafuta ikishakauka, na ukiongeza uwezekano wa kuchanganywa na mafuta ya taa hali inakuwa mbaya zaidi. Tumia tina (kiyeyusho cha rangi) safi au dawa maalumu ya kuondoa grisi. Tumia vitambaa viwili vya pamba visivyoacha nyuzi, vipande vya fulana kuukuu vinatosha: kimoja kimelowa, kingine kikavu, na kikavu kinafuata nyuma ya kilicholowa kabla tina haijakauka yenyewe. Ukisubiri ikauke, mafuta yaliyoyeyuka yanarudi kulala palepale. Kipimo ni maji. Rashia maji safi kwenye bomba na uangalie. Yakitandaa utando mmoja usiokatika, chuma ni safi. Yakijikusanya matone kama kwenye jani la mgomba, rudi kwenye tina. Baada ya kipimo, kausha kabisa, hasa ndani ya mabomba. Fremu ina matundu madogo ya kutolea maji na hewa, na maji yaliyojificha humo hupenda kutoka wakati unapuliza mkono wa mwisho.

Puti itumike kidogo, kwa vishimo na mibonyeo tu, mbali na maungio yanayobeba uzito na mbali na masikio ya injini yanayokazwa na bolti. Puti ya poliesta inachanganywa na haidina (dawa ya kuigandisha) kwa kiasi cha asilimia 2 hivi ya uzito wake. Kwenye joto la nyuzi 32 punguza kidogo, la sivyo itagandia kwenye kibao kabla hujaipaka. Ikae juu ya chuma kilichosuguliwa kwa namba 80 au juu ya praima ya epoksi. Isiwekwe juu ya praima ya asidi (ile inayouma chuma ili ishike), kwa sababu asidi hiyo inaingilia ugandaji wa puti, nayo inabaki laini chini na kuchubuka baadaye.

Sasa kopo la rangi ya kupuliza. Kabla ya kuuliza bei, jiulize fremu itakutana na nini: petroli inayodondoka kutoka kwenye kabureta, mafuta ya cheni, kokoto za barabarani, jua, na chumvi kama uko pwani. Makopo mengi ya bei nafuu ni akriliki ya kawaida. Yanakauka haraka, yanapendeza, ila petroli inayalainisha. Mwezi mmoja tu wa kabureta inayovuja kidogo, bomba la chini yake linaanza kunata, kisha linabaki chuma kitupu. Enameli ya alkidi ni ngumu zaidi na inavumilia mafuta vizuri, lakini inachukua siku nyingi kukomaa na haipendi kuharakishwa. Iliyo bora kwa fremu ni rangi ya sehemu mbili yenye haidina ndani ya kopo: unabonyeza kitufe cha chini, kifuko cha ndani kinapasuka, unatikisa, na kuanzia hapo rangi inaganda kwa kemikali hata kama kopo limefungwa. Una kama saa 24 hadi 48 za kuitumia, na kwenye joto letu chukulia pungufu ya hapo. Bei yake ni ya juu sana kuliko kopo la kawaida. Asiyeimudu apige rangi nyeusi ya kawaida, kisha klia (tabaka angavu la juu) ya sehemu mbili juu yake. Petroli itakutana na klia kwanza.

Tahadhari moja isiyo na mjadala: haidina hizo zina isosayaneti, zinazoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii kitu. Inatakiwa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, miwani na glavu, na upulizie mahali pa wazi. Bila vifaa hivyo, bora enameli.

Rangi ya kustahimili joto, ile ya ekzosi, wengi huinunua kwa kudhani ikistahimili moto itastahimili kila kitu. Hiyo haikomai mpaka ipikwe kwa joto kubwa, na fremu haifikii joto hilo. Itabaki laini, ikichunika kwa kucha.

Kuhusu kuchanganya aina: nunua praima, rangi na klia za mtengenezaji mmoja. Enameli inaweza kukaa juu ya akriliki iliyokauka vizuri, lakini akriliki juu ya enameli changa itaikunja mithili ya ngozi ya mzee, kwa sababu tina yake kali inapenya na kuivimbisha. Hujui rangi ya zamani ni ya aina gani? Lowesha kitambaa kwa tina, kiweke juu yake dakika moja. Ikiyeyuka na kuchafua kitambaa, ni akriliki au nitro. Ikikunjamana, ni enameli. Isipobadilika, ni ya sehemu mbili au ni ya unga iliyopikwa. Na kwa vyovyote, puliza kwanza kwenye kipande cha bati, subiri wiki, kisha kisugue kwa kitambaa chenye petroli. Kariakoo Gerezani na Kirinyaga Road, Nairobi, kopo zuri na baya yanakaa rafu moja, na lebo haitakwambia yote.

Kiasi: kopo la mililita 400 linafunika kama mita 1 hadi 2 za mraba kwa mkono mmoja, lakini bomba ni jembamba na sehemu kubwa ya mvuke unapita pembeni. Kwa fremu pamoja na swingiamu na stendi kubwa, panga makopo 2 ya praima, 3 ya rangi na 2 ya klia. Yanunue kwa pamoja ukiangalia namba ya toleo chini ya kopo, maana weusi wa toleo moja na jingine unaweza kupishana.

Wanaouliza kuhusu rangi ya unga, ile ya madirisha ya alumini: ni ngumu na nzuri, inapikwa kwa nyuzi 180 hadi 200. Puti ya kawaida haivumilii tanuri hilo, na ikimeguka kwa kokoto kutu hutembea chini yake bila kuonekana. Kwa fremu isiyo na vishimo, sawa. Kwa fremu ya zamani yenye makovu, kopo au bunduki ya kompresa inakupa nafasi ya kurekebisha.

Praima ya epoksi ndiyo chaguo la kwanza juu ya chuma kitupu, kwa kuwa inazuia unyevu. Praima ya asidi inashika vizuri lakini ipigwe nyembamba kabisa, mpaka chuma kionekane kwa mbali, kisha ifunikwe. Praima za kawaida za kijivu zinapitisha maji, kwa hiyo fremu iliyoachwa na praima tupu mwezi mzima uani tayari inapiga kutu chini. Usipige epoksi juu ya praima ya asidi isipokuwa mtengenezaji ameruhusu.

Ning'iniza fremu kwa waya kupitia shingo, uweze kuizunguka na kuigeuza. Tikisa kopo dakika 2 nzima kuanzia pale gololi ya ndani inapoanza kulia. Asubuhi na mapema na jioni si wakati wake: unyevu uko juu, tina inayokauka inapoza uso wa rangi, maji yanatulia juu yake na weusi unageuka ukungu wa maziwa. Saa 4 asubuhi hadi saa 9 mchana ni salama zaidi, kivulini, bila upepo. Masika, subiri.

Anza na sehemu ngumu: ndani ya pembe, nyuma ya masikio, chini ya shingo, kote ambako mkono wa kwanza huwa unasahaulika. Kisha mabomba marefu. Umbali ni sentimita 20 hadi 25. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye bomba na uachie ukishalipita. Karibu mno, rangi inatiririka. Mbali mno au kwenye upepo wa moto, inafika ikiwa nusu kavu na uso unakuwa wa chengachenga. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu. Subiri dakika 10 hadi 15, kisha mikono miwili ya kulowesha. Praima ikikauka, pita msasa wa maji namba 400 hadi 600, osha, kausha, futa, ndipo rangi. Zingatia muda wa kupaka tena ulioandikwa kwenye kopo. Enameli nyingi zinasema ndani ya saa 1 au baada ya saa 48, na anayepuliza katikati ya hapo anaikuta imekunjamana.

Vishimo vya duara vinavyojitenga rangi ikiwa mbichi ni silikoni, kutoka kwenye polishi ya matairi au dawa ya cheni iliyopulizwa karibu. Kuongeza rangi hakuvizibi. Acha ikauke, sugua mpaka chini, safisha upya. Mtiririko nao usiuguse ukiwa mbichi. Ukishakomaa, ukate kwa msasa namba 800 uliozungushiwa kijiti bapa.

Inayokauka kwa mguso haijakomaa. Rangi ya sehemu mbili iache siku 3 hadi 7, enameli wiki 2 au zaidi, ndipo ufunge injini. Zungushia mabomba vitambaa wakati wa kuipandisha. Kwangua rangi pale bolti ya waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye fremu) inapokaa na kwenye nyuso za masikio ya injini. Athi iliyokaa juu ya rangi ndiyo inayozaa indiketa hafifu na honi inayokohoa. Nyuso zenye rangi nene zinabonyea zikikazwa, na bolti inalegea. Hata ukikwangua, kaza tena baada ya kilomita 100 za kwanza. Mafuta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba yamwagwe mwisho kabisa, baada ya rangi kukomaa. Yakitangulia, yatavuja kupitia matundu na kukurudisha kwenye tina.